ADUI ASIYEPIGA RISASI: CHUMVI, KUTU NA VYOMBO VYETU VYA MAJINI

Tangu siku ya kwanza kambini askari hufundishwa kumtambua adui anayesimama mbele ya mtutu wa bunduki na yule anayejificha kichakani. Lakini yupo adui wa tatu ambaye hapigi risasi, hatoi sauti, wala halali usiku. Huanza kazi yake chombo kinapoegeshwa na mabaharia wake wanapokwenda kula. Jina lake ni kutu, na mshirika wake mkubwa ni chumvi. Wahenga walisema bandubandu huisha gogo; na sisi tunaweza kuongeza kwamba chembe kwa chembe huisha injini ya mashua, hata iwe imenunuliwa kwa mamilioni ya fedha za wananchi.

Huenda msomaji aliyeko Mbarara akauliza: chumvi ya bahari inatuhusu nini sisi watu wa bara, ambao nchi yetu haina hata hatua moja ya pwani? Swali hilo ni la haki, na makala haya yanakusudia kulijibu. Jibu kwa ufupi ni hili: askari wa leo hachagui maji atakayoyalinda. Aliyejifunza kuendesha mashua katika ziwa la maji matamu aweza kuamriwa kesho kuiendesha baharini, na desturi iliyomfaa ziwani ndiyo itakayomwangusha huko.

MAJI YA NAKIVALE

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara, katika Wilaya ya Isingiro, ambayo mpaka mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbarara. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na tangu hapo yamepokea watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni, kisimani na ufukweni.

Ziwa lililoyapa makazi hayo jina lake hupata maji kutoka mto Rwizi, uleule unaopita katika mji wa Mbarara na kuteremka kuelekea maziwa ya Mburo na Nakivale, na ambao maji yake mwishowe huingia Ziwa Victoria. Ni ziwa la kina kifupi, lenye mafunjo kandokando yake, na viboko wamo. Maji yake ni matamu, yaani hayana chumvi ya kuhesabika. Hapa injini hudhurika zaidi na matope yanayofyonzwa na pampu, pamoja na magugu yanayojisokota kwenye rafadha, ile ambayo mafundi huiita propela.

Kwa sababu hiyo mwendesha mashua wa ziwani huzoea desturi nyepesi. Akirudi jioni huivuta mashua mchangani, huinua injini, hufunika turubai na kwenda zake. Asubuhi huvuta kamba, injini ikawaka. Chuma hushika kutu hata katika maji matamu, lakini kwa mwendo wa kobe. Miezi hupita kabla jicho halijaona kitu.

Hebu tuchukue mfano wa koplo mmoja mwenye desturi hiyo. Ni askari hodari, mwenye shabaha na nidhamu ya paredi. Anahamishiwa pwani na kukabidhiwa mashua ya doria. Jioni ya kwanza anafanya kama alivyozoea: anavuta, anainua, anafunika. Wiki ya tatu, usiku, katikati ya doria, ule mkondo mwembamba wa maji unaotoka ubavuni mwa injini unapungua, kisha unakatika.

"Afande," anasema, "injini inachemka."

"Izime upesi," sajini anamjibu, "kabla haijaungua."

Sasa mashua inaelea gizani bila nguvu, upepo unaisukuma, na askari sita waliomo wamegeuka kutoka walinzi kuwa watu wa kulindwa. Hakuna adui aliyewafanyia hivyo. Ni chumvi iliyokauka ndani ya njia za kupozea injini mpaka ikaziziba, kwa kuwa hakuna aliyeiosha.

Mfano huu tumeutunga, lakini mazingira yake si ya kubuni. Askari wa Uganda waliwasili Mogadishu mwezi Machi mwaka 2007 chini ya ujumbe wa Umoja wa Afrika ulioitwa AMISOM. Ujumbe huo ulibadilishwa mwaka 2022 kuwa ATMIS, na mwanzoni mwa mwaka 2025 ukawa AUSSOM. Mogadishu ni mji wa bahari; bandari yake na uwanja wake wa ndege vinapakana na Bahari ya Hindi. Na miongoni mwa wakazi wa Nakivale wamo Wasomali waliozikimbia nyumba zao kwa sababu ya vita. Kwa hiyo mashua inayozimika huko inawahusu hata jirani zetu wa Isingiro, ambao jamaa zao wangali wakiishi kando ya bahari hiyo.

CHUMVI HUFANYAJE KAZI YAKE

Chuma hakioozi kama mti. Kutu hutokea pale chuma, maji na hewa ya oksijeni vinapokutana. Katika mkutano huo umeme mdogo sana, usioweza kuwasha hata taa ya tochi, hupita kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine, na sehemu inayotoa umeme huo ndiyo inayoliwa. Maji matamu hupitisha umeme kwa shida. Maji ya bahari, ambayo kila lita moja ina gramu kama 35 za chumvi, huupitisha kwa wepesi. Hii ndiyo sababu jeraha ambalo ziwani lingechukua mwaka kuonekana, baharini huonekana kwa majuma.

Tena chumvi ina hila ya pili. Maji yakikauka yenyewe haiondoki, bali hubaki kama unga mweupe, na unga huo huvuta unyevu wa hewani. Kwa hiyo chombo kilichoanikwa juani kikaonekana kikavu, usiku huwa na maji tena katika kila pembe iliyo na chumvi, na kazi ya kuliwa huendelea. Askari asidanganywe na ukavu wa mchana.

Hila ya tatu ni ya metali mbili. Vyuma vya namna mbalimbali vikigusana ndani ya maji ya chumvi, kile kilicho dhaifu huliwa upesi ili chenye nguvu kisalimike. Alumini, ambayo ndiyo mwili wa injini nyingi za mashua na wa mashua nyingi za doria, ni dhaifu mbele ya shaba na mbele ya chuma cha pua kisichoshika kutu. Ganda moja la risasi, ambalo mara nyingi hutengenezwa kwa shaba ya manjano, likisahauliwa katika ngama ya mashua ya alumini, mle tumboni ambamo maji ya chumvi hukusanyika, laweza kuichimba mashua hiyo kutoka ndani mpaka ikavuja. Sarafu ya shaba hufanya vivyo hivyo.

SOMO LA KATWE

Asidhani mtu kwamba nchi kavu ya magharibi haijaonja ukali huo. Kutoka Mbarara, kwa barabara ya Bushenyi kuelekea Kasese, msafiri hufika jirani ya Ziwa Katwe, ziwa lililo katika shimo la volkano ya kale, ambalo maji yake huingia lakini hayana pa kutokea. Jua huyachoma na chumvi hubaki. Uchumvi wa maji hayo huzidi ule wa bahari mara kadhaa.

Chumvi hiyo ilikuwa hazina ya vita tangu zamani. Omukama Kabalega wa Bunyoro aliitawala Katwe, na mwaka 1891 Lugard alipopita huko alijenga ngome ili kumnyang'anya mapato yake. Watu wa Katwe wamevuna chumvi katika vidimbwi vyao kwa mikono, vizazi kwa vizazi.

Baadaye ukaja uamuzi wa kuijengea Katwe kiwanda cha kisasa. Kampuni ya Ujerumani Magharibi ilikijenga katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mitambo ikawashwa. Haikudumu. Mabomba yaliyopitisha maji hayo makali yaliliwa na kutobolewa, kiwanda kikasimama, na magofu yake yakabaki kando ya ziwa huku wachimbaji wakiendelea na vidimbwi vyao kama zamani. Kiwanda kizima kilishindwa na maji yaleyale ambayo mchimbaji mwenye mti na kikapu ameyazoea. Ikiwa chumvi iliweza kuangusha mitambo mikubwa namna ile, je, injini ya mashua yenye uzito wa mtu mmoja au wawili itajiteteaje bila msaada wa mwenyewe?

WAZEE WA PWANI NA MTAALAMU WA UINGEREZA

Watu wa pwani waliishi na adui huyu kwa karne nyingi. Mtepe, chombo mashuhuri cha upande wa Lamu ambacho kilitoweka baharini katika karne iliyopita, ulishonwa mbao kwa kamba za nazi badala ya kupigiliwa misumari ya chuma. Na pasipo msumari hapana kutu. Majahazi yaliyokuja kutumia misumari yalitunzwa kwa bidii: yalipandishwa ufukweni maji yalipokupwa, yakakwanguliwa, yakapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini yakapakwa deheni ya chokaa na shahamu. Nahodha aliyeiruka kazi hiyo alijulikana bandarini kote, na abiria walikiepuka chombo chake.

Huko Ulaya nako, mwaka 1824, mtaalamu wa kemia wa Uingereza aitwaye Humphry Davy alitakiwa kuwasaidia wanamaji wa nchi yake. Manowari zao za mbao zilikuwa zimevikwa mabati ya shaba, na bahari ilikuwa ikiyala mabati hayo. Davy aligundua kwamba kipande kidogo cha zinki au cha chuma kikiunganishwa na shaba hiyo, bahari hukila kipande na kuiacha shaba. Dawa yake ilifanya kazi hata kupita kiasi, kwa maana shaba isiyoliwa haikutoa tena sumu ya kufukuza viumbe wa baharini, na manowari zikaota magamba mpaka zikapungua mwendo. Hata hivyo elimu yake haikupotea. Kila injini ya mashua inayotoka kiwandani leo ina kipande cha metali kilichowekwa makusudi ili kife kwa niaba ya wengine.

KIPANDE KINACHOJITOA MHANGA

Askari akichungulia chini ya injini ya mashua, karibu na rafadha, ataona kipande hicho cha rangi ya kijivu, kimefungwa kwa boliti. Kazi yake ni kuliwa. Ni sawa na mlinzi wa mbele anayepokea shambulio ili kikosi kisalimike. Basi kipande kilicholika ni kipande kilichofanya kazi, na kipande kilichobaki kipya baada ya miezi mingi baharini kinatia shaka, kwa sababu huenda hakigusani vizuri na mwili wa injini.

Mambo matatu yakumbukwe hapa. Kwanza, kipande kikilika nusu kibadilishwe, kisingojwe kiishe. Pili, kisipakwe rangi kamwe, maana rangi hukitenga na maji na kukigeuza kuwa pambo. Tatu, na hili ndilo linalowahusu hasa wanaohamishwa kati ya ziwa na bahari, metali ya kipande hicho hutegemea maji. Baharini hutumika zinki au alumini. Katika maji matamu kama ya Nakivale zinki hujifunika utando na kulala usingizi, na kinachofaa ni magnesi. Lakini magnesi hiyo ikipelekwa baharini huliwa kwa pupa na kwisha upesi, na injini ikabaki bila mlinzi. Kwa hiyo mashua ikihamishwa kutoka maji ya namna moja kwenda namna nyingine, kipande nacho hakina budi kubadilishwa.

KUOSHA KUNA KWATA YAKE

Hata hivyo ngao ya kwanza na iliyo rahisi kuliko zote ni maji matamu. Kila chombo kinapotoka baharini, siku hiyohiyo, kabla chumvi haijakauka, kioshwe nje na ndani. Nje hutosha mpira wa maji, sabuni laini na kitambaa. Ndani ndiko kwenye kwata, na hatua zake hazipinduliwi.

Kwa injini inayotundikwa tezi, mpira wa maji huunganishwa kwenye tundu za kufyonzea kwa vifuniko vyake maalumu. Hapo bomba hufunguliwa kwanza, ndipo injini iwashwe; pampu yake ya mpira ikizunguka bila maji huungua kwa muda mfupi sana. Injini iachwe ikinguruma polepole kwa dakika kadhaa, hadi ipate moto na kile kidhibiti cha joto kifunguke, ili maji matamu yafike katika kila njia. Ikiisha, injini izimwe kwanza, bomba lifungwe baadaye. Kisha iachwe imesimama wima mpaka maji yote yachuruzike.

Kwa pikipiki ya majini, kile chombo kidogo cha kupanda kama farasi ambacho Kawasaki ya Japani ilikiingiza sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambacho sasa hutumiwa na vikosi vya uokoaji katika nchi nyingi, utaratibu kwa kawaida ni kinyume. Huwashwa injini kwanza, na papo hapo bomba hufunguliwa. Ikiisha, bomba hufungwa kwanza, injini ikavutwa mafuta kidogo mara moja au mbili ili itapike maji yaliyobaki, ndipo ikazimwa. Sababu ni kwamba katika chombo hiki maji ya kupozea hutoka pamoja na moshi. Injini ikiwa imezimwa hakuna moshi wa kuyasukuma nje, na yaweza kurudi nyuma mpaka ndani ya silinda. Askari aliyekariri kwata ya chombo kimoja na kuitumia kwa kingine ataua injini kwa bidii yake mwenyewe. Kitabu cha mtengenezaji kisomwe, na kinachosemwa humo ndicho kifuatwe.

Yako pia madogo ambayo si madogo. Ngama ikaushwe na kufagiliwa, na maganda ya risasi yahesabiwe yote. Kiti cha pikipiki ya majini kifunguliwe ili mvuke wa petroli na unyevu vitoke. Na kabla ya kuwasha tena kifunguliwe vilevile, kwa kuwa mvuke wa petroli uliofungiwa hulipuka. Vichwa vya betri visafishwe na kupakwa grisi. Rafadha ifunguliwe mara kwa mara na mhimili wake upakwe grisi isiyooshwa na maji, la sivyo siku ya kuibadilisha itakuwa imeganda, na nyundo itavunja kile ambacho spana ingefungua. Mafuta ya gia yatazamwe: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Boliti ya chuma cha pua inayoingia katika alumini ipakwe grisi kabla ya kukazwa. Mkwaruzo wa rangi uzibwe mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na chombo cha alumini kisipakwe kamwe rangi ya chini yenye shaba, kwa sababu ile tuliyokwisha kuieleza.

NIDHAMU NDIYO DAWA

Msomaji atakuwa ameona kwamba katika hayo yote hakuna linalohitaji elimu ya chuo kikuu wala fedha nyingi. Maji matamu, sabuni, grisi, kipande cha metali na nusu saa ya kazi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja mwenye dhamana. Chombo cha wote huwa chombo cha yatima: zamu ya asubuhi huidhania ya jioni imeosha, na ya jioni huidhania ya asubuhi itaosha. Dawa yake ni daftari. Kila chombo kiwe na daftari lake, na kila kinaporudi iandikwe saa ya kurudi, maji kilikotoka, saa ya kuoshwa, hali ya kile kipande cha metali, na jina la aliyeosha. Mali bila daftari, walisema, hupotea bila habari. Kamanda naye asikubali mashua ikabidhiwe zamu nyingine kabla hajaiona sahihi hiyo.

Wako watakaosema kwamba maji ya kuoshea ni haba huko waendako, na kwamba doria haingoji. Ni kweli maji matamu pwani huwa na thamani, na askari mwenye kiu hawezi kulaumiwa. Lakini ndoo chache zilizotengwa kila siku ni rahisi kuliko injini mpya, na injini mpya ni rahisi kuliko askari sita wanaoelea gizani. Hesabu hiyo ifanywe ghalani kabla kikosi hakijaondoka, maji ya kuoshea yakaandikwa katika mahitaji pamoja na petroli na risasi.

Na yule anayebaki nyumbani, katika maji matamu ya Nakivale, asijione kuwa amesamehewa. Kiboko aliyeinuka kando ya mashua usiku haulizi kama injini iligoma kwa chumvi au kwa matope. Mvuvi mkimbizi anayepiga kelele za kuomba msaada katikati ya ziwa hawezi kungoja fundi atoke Mbarara. Desturi ya kuosha, kukagua na kuandika huanzia hapa, ambapo kosa ni la bei ndogo, ili itakapofika siku ya bahari mkono uwe umekwisha kuizoea.

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, bunduki mnazisafisha kila siku bila kukumbushwa, kwa kuwa mnajua kwamba siku ya vita hakuna nafasi ya kuomba radhi. Mashua nayo ni silaha. Ipewe heshima hiyohiyo, na kutu atafute kazi kwingine.